Nilishinda Fungu, Mwalimu Akasema Nimekosea

*Maswali ya wasomaji kuhusu karata. Anayejibu aligawa karata kasino jijini Dar es Salaam kwa miaka tisa kabla hajakaa upande wa wachezaji.*

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni fundi wa AC, nina miaka 27, naishi Mombasa. Poka nimeianza mwaka huu, hii ya Texas Hold'em, ya karata mbili mkononi na tano za wote mezani, na kila Ijumaa hukaa kasino kwenye meza ya shilingi 100 kwa 200, yale madau mawili ya lazima kabla ya karata kugawiwa. Nimepata mwalimu anayenifundisha kwa simu, saa moja shilingi 2,500. Nimeshamlipa masaa sita na faida siioni.

Wiki iliyopita nilimweleza mkono huu, yaani mzunguko mmoja wa mchezo, nikitarajia anipongeze. Nilikuwa kiti cha mwisho, nina ree ya kopa na tisa ya kopa. Mzee mmoja akapandisha hadi 600, nikamfuata, wengine wakatupa. Zikafunuliwa tatu za mwanzo mezani: mfalme wa kopa, saba ya kopa na mbili ya pau. Mzee akaweka 1,000, nikafuata. Karata ya nne ikawa nne ya shupaza. Akaweka 3,500, akabakiwa na 2,000 tu. Nikafuata. Ya tano: tatu ya kopa, nikatimiza kopa tano! Akasukuma zile 2,000 zilizobaki, nikalipa, nikazoa fungu lote, yaani pesa zote za mezani. Mwalimu akasema nimekosea. Nimeshinda, nimekosea vipi? Mbona Chris Moneymaker, mhasibu tu huko Marekani, alianza na dola 86 kwenye intaneti akaishia kubeba dola milioni 2.5 katika ubingwa wa dunia wa poka mwaka 2003? Je, nibadilishe mwalimu?
*Fundi, Mombasa*

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usimbadilishe. Mwalimu anayethubutu kumwambia mwanafunzi aliyeshinda kwamba amekosea ni wa kushikwa kwa mikono miwili, maana angeweza kukusifu tu na pesa yako akaendelea kuila.

Chukua kalamu tuhesabu. Mzee alipoweka 3,500 kwenye karata ya nne, fungu lilikuwa 7,000, ukijumlisha madau yote mpaka pale na zile 300 za lazima. Wewe ulitakiwa kutoa 3,500. Karata ulizokuwa umeziona ni sita: mbili zako na nne za mezani. Hujaziona 46. Kopa zilizobaki ni tisa, na ulihitaji moja tu utimize tano. Basi mkono huo ukiurudia mara 46, kila karata ikitoka mara moja, utashinda mara tisa na kushindwa mara 37. Kila unaposhinda unapata zile 7,000 na 2,000 za mwisho za mzee, jumla 9,000. Mara tisa ni 81,000. Kila unaposhindwa unaacha 3,500. Mara 37 ni 129,500. Umetoka na hasara ya 48,500, yaani shilingi elfu moja na kidogo kila unapofuata dau lile.

Najua utaniambia, "Dada, na ree je? Ikitoka ree nyingine si napata jozi ya ree na kumshinda mwenye jozi ya wafalme?" Sawa, nakupa na ree tatu zilizobaki, ingawa huna hakika mzee ameshika nini. Sasa unashinda mara 12, unapata 108,000, na unashindwa mara 34, unaacha 119,000. Bado hasara. Na usifikiri ungemtishia kwa kupandisha. Aliyebakiwa na 2,000 huku fungu limefika hapo hatishiki.

Lile dau la kwanza la 1,000 halina ubaya, ulifuata vizuri. Kosa ni moja tu, la karata ya nne, na tatu ya kopa ikaja kulifunika. Hilo ndilo mwalimu wako alikuwa anajaribu kukuonyesha, na ndiyo maana nasema shilingi 2,500 za siku ile hazikupotea.

Kuhusu Moneymaker, habari yake ni ya kweli. Ila mwaka ule mashindano yale yaliingiwa na watu 839. Hao 838 wengine nao walikuwa na mikono yao, na wapo waliocheza sawasawa kabisa wakang'oka siku ya kwanza. Ukijifunza kwa kuangalia aliyebeba kombe utaiga na makosa yake yaliyobahatika.

Ukitaka mfano wa mwanafunzi, mtazame Maria Konnikova. Ni mwandishi mwenye shahada ya udaktari katika saikolojia. Alipomwendea Erik Seidel amfundishe poka, hakujua hata pakiti ina karata ngapi. Seidel si mtu mdogo, alishika nafasi ya pili nyuma ya Johnny Chan katika ubingwa wa dunia wa 1988. Mama yule ameeleza mwenyewe kwamba mwalimu wake hakutaka kusikiliza hadithi za mikosi. Akianza kulalamika kwamba alikuwa na karata nzuri akapigwa na bahati ya mwenzake, Seidel alitaka kujua kama ana swali kuhusu alivyocheza. Kama hana swali, basi. Januari 2018 Konnikova alishinda mashindano huko Bahamas na kuondoka na zaidi ya dola 84,000.

Sasa nikueleze yaliyonipata mimi, kwa sababu masaa yangu ya kwanza na mwalimu niliyachoma kama wewe. Nilikuwa nafika na hadithi. "Mwalimu, jana nilikuwa na wafalme wawili, jamaa akanifuata na takataka, akapata." Ananisikiliza dakika ishirini, muda umekwisha, nalipa. Siku moja akaniambia nikanunue kauntabuku. Kila mkono ulionitatiza niuandike usiku uleule: nilikaa kiti gani, nina karata gani, fungu lina kiasi gani, kila mtu amebakiwa na kiasi gani, na mwishoni *kwa nini* nilifanya nilichofanya. Matokeo niyaandike pembezoni kabisa mwa ukurasa, kisha niukunje ukingo ule yasionekane.

Nilijiona natumwa kazi ya shule ya msingi, lakini nilifanya. Baada ya wiki tatu nikampelekea mikono 12. Hakufunua ukingo hata mmoja. Akachukua kalamu nyekundu akaanza kuzungushia duara safu ya sababu. Katika mikono 12, saba nilikuwa nimeandika maneno yaleyale: "nilitaka kuona." Nilitaka kuona jamaa ana nini. Nilitaka kuona ya tano itatoka nini.

Akaniuliza, "Hii hamu ya kuona umeitoa wapi?" Nikakaa kimya, kisha likanijia. Miaka tisa nilikuwa mgawaji. Mgawaji huona bure kila kinachofunuliwa. Mwisho wa mkono watu wanafunua, naona aliyedanganya, naona aliyekuwa nazo, na mshahara wangu haupungui hata senti. Macho yangu yalikuwa yamezoea kuona kila mwisho, na sasa nikiwa mchezaji nilikuwa nalipia mazoea yale dau kwa dau. Hakuna video wala kitabu ambacho kingeniambia hivyo. Ilihitaji mtu mwingine asome sababu zangu nilizoziandika kwa mkono wangu, kabla sijapata nafasi ya kuzipamba.

Kwa hiyo fundi wangu, saa ijayo usiende na hadithi. Andika mikono mitatu, isizidi, umtumie mwalimu siku moja kabla ili asitumie muda uliolipia kuisoma. Usimwambie iliishaje. Ile ya kopa ungemsimulia ukaishia kwenye "mzee akaweka 3,500, mimi nina ree na tisa", usingekuwa na pongezi za kutarajia, wala yeye asingekuwa na kazi ya kukuvunja moyo. Mngehesabu pamoja tu. Na akikuuliza "ulifikiri nini", usitunge. Kama hukufikiri kitu, sema hukufikiri. Mimi jibu lile lilinitoa jasho mara nyingi, na ndilo lililonifundisha zaidi.

Mwombe pia akupe kosa moja tu la kurekebisha, siyo matano. Cheza na hilo moja wiki mbili, ndipo urudi. Masaa sita ndani ya miezi mitatu yatakufaa kuliko masaa sita ndani ya wiki tatu, kwa sababu katikati unapata kitu cha kumpelekea.

Jambo la mwisho kwako ni pesa. Kasino hukata sehemu yake kutoka kwenye mafungu, au hukutoza kwa muda unaokaa, kwa hiyo hata meza ya watu wanaolingana kabisa, wote kwa jumla wanatoka pungufu. Juu ya hapo wewe una ada ya mwalimu. Anayeanza hutoa zaidi kuliko anavyoingiza, mwalimu awe mzuri namna gani. Weka bahasha mbili, ya masomo na ya mchezo, zote zitokane na kilichobaki baada ya kodi ya nyumba na chakula. Ya mchezo ikiisha, Ijumaa ile usiende, andika tu. Ukijikuta unaikopea au unawaficha wa nyumbani, acha vyote viwili na umwambie mtu unayemwamini siku hiyohiyo. Nimegawa karata mbele ya watu waliofika hapo na siwezi kuzisahau nyuso zao.

SWALI: Dada, nataka kuanza poka na kuna mwalimu anauza masomo 20 kwa mkupuo, nikilipa yote ananipunguzia. Nichukue?
*Mama wawili, Arusha*

JIBU: Hapana, mama. Lipa moja kwanza, la pili ukiridhika. Na kabla ya hilo la kwanza, jifunze bure sheria za mchezo na mpangilio wa mikono, kipi kinashinda kipi, mpaka usisite. Sipendi kuona mtu analipia saa nzima ya kuambiwa kwamba karata tano za aina moja, kama kopa tupu, zinashinda mfuatano. Mwulize mwalimu huyo akuonyeshe kumbukumbu za michezo yake mwenyewe kwa muda mrefu, pamoja na hasara. Akikuonyesha picha za ushindi peke yake, aga kwa heshima.

SWALI: Mwalimu wangu amependekeza nikicheza kwenye simu niwe naye hewani, aniambie la kufanya kila mkono. Ni njia nzuri ya kujifunza?
*J., Dar es Salaam*

JIBU: Huo ni udanganyifu, mdogo wangu, hata kama wewe unauita somo. Sheria ya poka ni mchezaji mmoja kwa mkono mmoja, na waliokaa nawe mezani wameweka pesa zao wakiamini wanacheza na mtu mmoja. Mkitaka kucheza pamoja, wekeni chipu za mazoezi zisizo na thamani. Na akikuambia mkae meza moja mkionyeshana karata kisirisiri, huyo si mwalimu tena. Achana naye leo.

Fundi wa Mombasa, chini ya barua yako uliongeza kwa haraka kwamba una mkono mwingine, wa ree mbili, uliokuuma sana Jumamosi. Niandikie wote: kiti, karata, fungu, kila mtu amebakiwa na kiasi gani, na sababu zako. Ulivyoisha usiniambie.