Ushauri kwa Mwenye Gari la Abiria: Anza na Hesabu ya Siku

Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya kupokea hesabu, yaani fedha ambazo dereva humletea mwenye gari kila siku, kutoka kwa madereva wa magari ya abiria, na nimeona kwamba mwendo wa gari huamuliwa mezani kabla dereva hajawasha injini. Dereva asiye na mshahara, anayetakiwa kuleta kiasi kilekile kila jioni na kujilipa kwa kinachobaki baada ya mafuta, hulazimika kugombea abiria, kujaza gari kupita kiasi na kuendelea kuendesha huku usingizi umemzidi. Ajali ikitokea, sote tunasema ni uzembe wa dereva.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, na asilimia 92 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambazo zina takriban asilimia 60 tu ya magari yote duniani. Uzembe peke yake hauwezi kueleza tofauti hiyo. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki, na wengi wao hawana uwezo wa kununua gari, lakini barabara nyingi wanazozitumia kila siku zilijengwa kwa ajili ya magari, mara nyingi bila hata njia ya miguu. Mimi naiona hiyo kuwa dhuluma.

Barabara huwezi kuijenga wewe, lakini mkataba wa dereva wako uko mikononi mwako. Mlipe mshahara unaojulikana, hata kama faida itapungua. Panga zamu ili asiendeshe alfajiri hadi usiku. Na breki zikianza kulegea, gari lisitoke hata siku moja. Mmiliki mmoja niliyemshauri hivyo alikubali shingo upande, lakini madereva wake waliacha kufukuzana vituoni na gharama zake za matengenezo zikashuka.

Hakikisha pia kwamba bima yako ni halali na haijaisha muda. Nimeshuhudia familia ikiuza shamba ili kulipia matibabu ya majeruhi, kisha watoto wakaacha shule kwa sababu aliyekuwa akiwalipia ada ndiye aliyelala kitandani, na mwenye gari hakuwa na bima ya kuwafidia.