Maji ya rejeta yanakwenda wapi?

SWALI: Pikapu yangu ya zamani hutoa moshi mweupe, na kila baada ya siku 3 naongeza maji kwenye rejeta. Chini sioni hata tone. Tatizo ni nini?

JIBU: Ndugu msomaji, moshi ukiisha dakika chache baada ya kuwasha, huo ni unyevu uliolala kwenye ekzosi. Ukiendelea, tena mzito wenye harufu tamutamu ya kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), maji yanaingia kwenye silinda. Mimi nashuku kwanza gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo chembamba kati ya bloku ya injini na sehemu yake ya juu (hedi). Injini ikiwa imepoa kabisa (nasisitiza, imepoa, maana nimeona watu wakiungua uso) fungua mfuniko wa rejeta, kisha washa utazame. Mapovu yasiyokoma ni gesi inayopenya kutoka kwenye silinda. Chomoa na stiki ya oili: ikiwa na rangi ya maziwa, usiliendeshe gari tena, kwani oili yenye maji huharibu beringi upesi. Moshi wa buluu ungekuwa oili inayoungua. Lakini kabla hedi haijafunguliwa, fundi apime presha ya mfumo wa maji. Pampu ya maji huweza kuvuja kidogokidogo, na maji yakakaukia kwenye injini ya moto kabla ya kufika chini.