Maswali ya Wasomaji: Mvuke wa Petroli Ndani ya Karakana

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa injini za boti hapa Kibirizi, Kigoma. Kabureta na pistoni tunazisafisha kwa petroli kwenye beseni, na kwa kuwa vipuri huibwa, kazi hiyo tunaifanyia chumbani, mlango ukiwa umerudishwa. Ifikapo mchana vijana wangu hulalamika kichwa na kizunguzungu. Huwa ninawapa maziwa na barakoa za kitambaa. Je, kinga hiyo inatosha?

JIBU: Ndugu fundi, haitoshi. Kizunguzungu hicho ni dalili kwamba mvuke umekwisha kupita kwenye mapafu, ukaingia katika damu na kufika ubongoni, ilhali maziwa huishia tumboni na hayawezi kuuondoa huko. Barakoa ya kitambaa nayo hupunguza vumbi tu, kwa maana mvuke hupenya pamoja na hewa unayovuta. Zipo barakoa zenye vichujio vya mkaa maalumu, lakini vichujio hivyo huchoka na hubadilishwa, na hata hivyo havimfai mtu aliyejifungia mahali pasipo na hewa ya kutosha. Msitegemee pua pia, kwani huizoea harufu upesi wakati hatari ingalipo. Petroli ina benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu kwa mtu anayeivuta kwa muda mrefu.

Kilichonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni ule mlango. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo hushuka kutoka kwenye beseni, hutambaa sakafuni na kujikusanya pembeni, na ukilifikia jiko la mkaa la mama lishe wa jirani au cheche ya mashine ya kuchomelea, moto hurudi kwa kasi mpaka kwenye beseni lenyewe. Kuwasha swichi ya taa tu kunaweza kutosha.

Hamishieni uoshaji nje leo, chini ya kivuli kisicho na kuta, na kijana asimame upande upepo unakotoka. Vipuri virudi ndani vikishaoshwa; wizi utakuwa umedhibitiwa bila kumfungia mtu humo. Kisha acheni petroli. Mafuta ya taa hayatoi mvuke mwingi katika joto la kawaida, mradi yasipashwe moto wala kupulizwa kwa kompresa. Lowekeni kabureta kwa muda mrefu zaidi, msugue kwa brashi, na mfunike beseni kila mnapopumzika. Sehemu kubwa zenye grisi huoshwa vizuri kwa maji moto na sabuni ya unga, zikasuuzwa na kukaushwa mara moja zisishike kutu. Vaeni glavu za mpira zisizoharibiwa na mafuta, maana ngozi pia hufyonza, na matambara yaliyolowa yawekwe kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko.

Kijana akizidiwa, mpelekeni nje kwenye hewa safi na mumvue nguo zilizolowa. Akipoteza fahamu au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali bila kusubiri. Aliyemeza petroli, kwa mfano alipokuwa akiinyonya kwa mpira, asitapishwe kamwe, kwa sababu inapopanda tena huweza kuingia mapafuni. Naye pia apelekwe hospitali hata kama anajiona mzima, kwani kikohozi na shida ya kupumua huweza kuanza saa kadhaa baadaye.