Norwei Iliyogeuka Kuwa «false»

SWALI: Mhariri, nilipogeuza faili la mipangilio ya programu yetu kutoka YAML kwenda JSON (miundo miwili ya kuandikia data kwa maandishi), msimbo wa nchi ya Norwei, NO, ulitokea kuwa false, na maelezo yangu yote ya pembeni (comments) yakapotea. Kosa liko wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kigeuzi chako kinafuata YAML 1.1, ambayo husoma NO isiyo na alama za kunukuu kuwa ni kanusho, yaani false. Toleo la 1.2 la mwaka 2009 liliachana na kanuni hiyo, lakini baadhi ya maktaba za programu, PyYAML ya lugha ya Python ikiwamo, bado zinashikilia la zamani. Andika "NO", kisha geuza upya. Maelezo hayatavuka, kwa kuwa JSON haina nafasi yake. Faili linalohaririwa kwa mkono ningeliandika kwa TOML, muundo mwingine wa mipangilio unaoruhusu maelezo, na JSON ningeiachia mashine.