Jumamosi usiku kwenye kiwanja cha mviringo: ushauri kwa anayetaka kuwa dereva wa stoki kaa

Tangu nianze kuweka mtandaoni picha za gari langu la mbio, vijana wetu wa hapa North Carolina huniuliza swali lile lile: "Kaka, nifanyeje nifike NASCAR?" NASCAR ndiyo inayoendesha mbio kubwa za stoki kaa Marekani, yaani magari ya mbio yenye umbo la gari la kawaida. Siwalaumu. Timu nyingi kubwa zina karakana zao huku huku, Charlotte, Concord na Mooresville, na ukienda dukani kununua maziwa unaweza kupanga foleni nyuma ya mtu anayebadilisha tairi kwenye mbio unazoziona kwenye runinga. Ila mimi si wa kuulizwa hilo. Jumatatu hadi Ijumaa ni fundi wa malori, Jumamosi usiku ni dereva wa daraja la chini kwenye kiwanja kidogo cha lami. Ninachokijua ni namna ya kudumu kwenye mbio za mkoani bila kufilisika na bila mkeo kukufungia mlango.

Kwanza toa kichwani habari ya ngazi, kwamba lazima upande mpaka juu ndipo uwe umefanikiwa. Wapo waliokaa viwanja vya mikoani maisha yao yote na hakuna anayewaona kuwa walishindwa. Richie Evans wa Rome, New York, alichukua ubingwa wa NASCAR wa magari ya Modified, yale yaliyobadilishwa sana na yenye magurudumu ya wazi, mara 9, na kati ya hizo 8 zilikuwa mfululizo, 1978 hadi 1985. Larry Phillips wa Missouri alikuwa bingwa wa taifa wa mbio za kila wiki za NASCAR, zile za viwanja vya mikoani, mara 5. Na hata yule anayepanda, hupanda kwa mwendo wake. Josh Berry alikuwa karani wa benki huko Tennessee, akicheza mbio za kompyuta jioni. Humo ndimo alimojuana na Dale Earnhardt Jr., dereva maarufu wa NASCAR, akapewa gari la Late Model, daraja la juu la viwanja vya mikoani, akalikalia takribani miaka kumi. Ubingwa wa taifa wa mbio za kila wiki aliupata 2020, na ushindi wake wa kwanza wa Cup, daraja la juu kabisa la NASCAR, ulikuja Machi 2025, Las Vegas, akiwa na miaka 34. Ukimwambia habari hii mzazi anayetaka mtoto wake wa miaka tisa afike juu haraka, anaguna.

Sasa pesa. Usiache kazi. Nasema hivi kwa sababu kila mwaka namwona mtu aliyeuza kitu cha maana ili anunue gari la Late Model lililotumika, makumi ya maelfu ya dola, halafu msimu haujafika katikati hana cha kununulia tairi. Zawadi ya mshindi kwenye viwanja vingi vidogo haifiki hata gharama ya tairi na mafuta ya usiku ule, na mshindi ni mmoja. Anza na daraja la chini kabisa ambalo kiwanja chako kinalo. Tafuta daraja lenye injini zilizofungwa kwa lakiri kiwandani, kama ile ya GM 602, nguvu farasi 350, kwa sababu pale tajiri hawezi kukupita kwa kumlipa mtengeneza injini. Na uliza ni daraja gani lina magari mengi. Ukipasua rejeta saa mbili usiku, utaazimwa na jirani mwenye gari kama lako. Kwenye daraja la magari matano hakuna jirani.

Timu zenye uwezo huuza tairi zao zilizokimbia mara moja kwa bei ya kutupa. Mimi humaliza msimu mzima wa mazoezi kwa tairi za watu.

Hapo kwenye tairi ndipo kazi ilipo, na ndipo wanaopenda kasi tu wanapochoka. Magari haya huzunguka kushoto usiku kucha, kwa hiyo tairi la nyuma la kulia huchaguliwa liwe na mzingo mkubwa kuliko la kushoto. Magurudumu yote mawili yamefungwa kwenye ekseli moja inayozunguka pamoja, basi ile tofauti ndiyo inayolisukuma gari lipinde lenyewe. Mchana wa Jumamosi utaniona nimechuchumaa na futi ya utepe na chaki: najaza upepo, nazungusha utepe katikati ya tairi, naandika namba kwenye ubavu wake kwa chaki, natoa upepo kidogo, napima tena. Tairi mbili za kampuni moja na saizi moja zinaweza kupishana kwa robo inchi au zaidi, na robo inchi hiyo utaiona kwenye kona. Tofauti ikizidi, gari linapiga mkia. Ikipungua, linagoma kukata kona na linakupeleka ukutani kama lina haraka zake. Baada ya hapo unapanda kwenye mizani minne, moja kila gurudumu, unazungusha boliti za springi mpaka uzito wa pembe kwa pembe ukae unavyotaka. Andika kila kitu kwenye daftari: joto la lami, upepo wa kila tairi, gari lilivyofanya mwanzo na mwisho wa mbio. Dereva asiyeweza kumwambia fundi wake kama gari linakosea wakati wa kuingia kona au wa kutoka, anawapotezea watu usiku wao.

Wadhamini wa ngazi yetu si wale wa mbio kubwa. Wangu ni mwenye duka la vyakula vya Kiafrika na jamaa mwenye gereji. Sikuwapelekea faili la picha za kupendeza. Nilimwambia mwenye duka kwamba gari litaegeshwa mbele ya duka lake Ijumaa mbili kila mwezi, watoto wakae ndani wapigwe picha. Yeye hunilipa kwa tairi. Usiahidi ushindi; ahidi kitu unachoweza kukifanya hata ukimaliza wa mwisho.

Kuna swali ambalo wengi huliuliza kwa sauti ya chini: Mwafrika atapokelewaje? Soma habari za Wendell Scott, Mmarekani mweusi wa Danville, Virginia. Alikuwa fundi wa gari lake mwenyewe, na viwanja vya mkoani vilimlea mpaka akawa bingwa wa jimbo 1959. Desemba 1963 alishinda mbio za daraja la juu la NASCAR huko Jacksonville, Florida, akatangazwa mtu mwingine, na ushindi wake ukakubaliwa saa kadhaa baadaye, mashabiki walipokwisha kutawanyika. Leo hali si ile. Wapo watakaokukodolea macho wiki za mwanzo, na wapo watakaokuletea jeki kabla hujaomba. Rajah Caruth, kijana mweusi, alianzia kwenye mbio za kompyuta, akasomea usimamizi wa mbio za magari pale Winston-Salem State, na Machi 2024 alishinda mbio za pikapu za NASCAR, Las Vegas. Njia ya kompyuta ni nafuu kuliko zote, ianze leo.

Nyumbani panahitaji mkataba. Jumamosi ndiyo siku ya harusi zetu zote, vikao vya jumuiya na visomo. Mimi na mama watoto hukaa na ratiba ya kiwanja Machi, tunakata Jumamosi ambazo sitakimbia, na hapo hakuna mjadala tena. Michango natoa mapema, ili mtu asiseme nimejificha kwenye matairi.

Kwenye usalama usibane matumizi. Helmeti iwe na alama ya SA, ya mbio za magari. Ile ya pikipiki haikupimwa kwa moto. Mikanda yenye cheti cha SFI, shirika la viwango vya vifaa vya mbio, hubadilishwa kila miaka 2, hata kama inaonekana mipya. Vaa kifaa cha HANS cha kuzuia kichwa na shingo visirushwe mbele gari likigonga, hata kama daraja lako halilazimishi. NASCAR ililazimisha vifaa vya aina hiyo kwenye Cup Oktoba 2001, baada ya Dale Earnhardt, baba yake Dale Jr., kufariki kwenye mbio za Daytona mwezi Februari mwaka huo. Bima ya gari lako la kawaida haihusiki kabisa huku, na ya afya isome mstari kwa mstari, maana nyingine huondoa mbio za magari.

Kabla ya kununua hata spana, nenda Bowman Gray pale Winston-Salem Jumamosi moja ya kiangazi. Ni robo maili ya lami tambarare iliyouzunguka uwanja wa mpira wa Kimarekani, NASCAR imekimbia hapo tangu 1949, na watu huzomea kwa moyo wote. Wiki inayofuata nenda kiwanja cha karibu na kwako, nunua pasi ya piti, eneo timu zinapotengenezea magari, tafuta timu yenye watu wachache, waambie unaweza kubeba tairi. Ukiwa chini ya miaka 18 njoo na mzazi, kuna karatasi za kusaini getini.