Madalali wa kodi huku Uingereza: jibu kwa mdogo wangu aliyeuliza habari za gari la dada

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza mambo matatu. Kwamba huko Tanga imeenea dada amenyang'anywa gari na "polisi wa kodi". Kwamba mtu anayelipwa pauni anashindwaje kulipa kodi ya nyumba. Na kwamba hao watu wanaweza kuja kudai mpaka kwenye kiwanja chake cha Muheza. Nimemwomba mwenyewe ruhusa nikujibu. Amekubali, ila jina lisitajwe. Ya kwake yalitokea 2023, sijui yamepita njia gani hata yawafikie leo yakiwa na polisi ndani.

Polisi hawakuwepo, na gari halikubebwa. Lilifungwa mnyororo kwenye tairi, ukafunguliwa kesho yake mchana. Waliokuja ni madalali, watu wa kampuni binafsi waliotumwa na halmashauri ya mji. Wanavaa fulana nyeusi na kamera kifuani ndiyo maana watu wanawadhania askari, na wengine wao wala hawana haraka ya kukutoa kwenye dhana hiyo.

Kodi yenyewe ni ya halmashauri, wanaiita Council Tax, si kodi ya pango. Ilianza 1993 baada ya serikali kuiondoa kodi ya kichwa iliyoleta fujo kubwa London mwaka 1990. Huku England kila nyumba imewekwa kwenye daraja, A mpaka H, kwa thamani ambayo ingekuwa nayo Aprili 1991, hata kama imejengwa juzi. Usiniulize mantiki. Pesa zinakwenda kwenye takataka, polisi, zimamoto, na sehemu kubwa kwenye kulea wazee na walemavu. Kwetu tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, ukinunua umeme umeshalipa, na mpangaji analalamika kwamba anamlipia mwenye nyumba. Huku anayedaiwa ni anayeishi ndani. Ukipanga nyumba nzima, bili inakuja kwa jina lako. Na mkiwa mke na mume mnaishi pamoja, kila mmoja anadaiwa lote, si nusu nusu.

Dada alipanga nyumba ndogo ya daraja B, kodi ya halmashauri pauni 1,600 kwa mwaka. Inalipwa kwa mafungu 10, Aprili hadi Januari, kwa hiyo 160 kila mwezi. Ukiomba mafungu 12 wanatakiwa wakupe, lakini lazima uombe, na wageni wengi hatujui. Akalipa Aprili, akalipa Mei. Juni mwajiri wake akampunguzia saa za kazi. Wauguzi wa wazee waliokuja kwa viza ya kudhaminiwa wanalijua hili vizuri: mkataba unasema saa 39, ratiba inakuja na 20, na huwezi kuondoka kesho kwenda kwa mwingine kwa sababu viza imeshikwa na huyo huyo. Kodi ya pango iko palepale. Watoto wawili wako palepale. Na Muheza fundi anataka mabati.

Sasa hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu mambo yanakwenda kimyakimya. Ukikosa fungu moja inakuja barua ya kukukumbusha, una siku 7. Zikipita hujalipa, zinahesabiwa nyingine 7, halafu haki ya kulipa kidogo kidogo inaondoka. Mwaka wote uliobaki unadaiwa mara moja. Yaani mtu aliyeshindwa 160 anaambiwa alete 1,280. Baada ya hapo wito wa mahakama, na gharama za wito zinaongezwa juu yako. Kila halmashauri ina kiwango chake. Yeye walimwongezea 95. Mahakamani majina yanapitishwa kwa mamia asubuhi moja. Hakimu haulizi kama una uwezo. Anaangalia kama kodi ni yako na kama hujalipa, basi, hati ya kuthibitisha deni inatoka.

Hati hiyo inaipa halmashauri njia kadhaa. Inaweza kumwandikia mwajiri akukate kwenye mshahara, au kukukata kwenye posho ya serikali kama unayo, au kukabidhi deni kwa madalali. Kukatwa mshahara ni aibu ndogo lakini hakuongezi ada ya dalali hata senti. Mimi ningepiga simu nikaomba hiyo. Dada aliona haya kazini wasijue, akanyamaza, na deni likaenda kwa madalali.

Ada zao si za kubuni. Ziliwekwa na kanuni za 2014. Kwa viwango vya 2023, deni likifika tu mikononi mwao, kabla hata hawajanyanyuka kwenye kiti, pauni 75. Wakija mlangoni, 235, na kama deni limezidi 1,500 wanaongeza asilimia 7.5 ya kile kilichozidi. Wakifika hatua ya kubeba vitu kwenda kuviuza, 110 nyingine na asilimia ileile. Ukiwa na barua ya dalali mkononi tazama kiasi kilichoandikwa humo na ulinganishe na kanuni za wakati huo, kwa sababu wapo wanaojaribu kutoza 235 mara mbili kwa kuja mara mbili. Hairuhusiwi. Ni mara moja kwa deni lile, waje mara moja au waje mara tano.

Ukiangalia hapo utaona pesa inapotelea wapi. Kati ya 75 na 235 kuna siku 7 kamili za ilani, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Ukipiga simu ndani ya siku hizo mkakubaliana mafungu, ile 235 haizaliwi. Sisi tunasema dawa ya deni ni kulipa; huku dawa ya kwanza ni kufungua bahasha. Bahasha za kahawia dada alikuwa anazipanga juu ya friji, zimenyooka, hazijachanwa. Nilizikuta. Alizipanga kwa tarehe kabisa.

Walikuja Novemba, kama saa moja asubuhi, bado giza. Sheria inawaruhusu kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3 usiku. Yeye ametoka zamu ya usiku, sare bado mwilini, anawaandaa watoto. Jamaa akagonga, mpole kabisa, "naomba niingie ndani tuzungumze, nje baridi." Hapo ndipo kwenye siri yote. Kwa deni la kodi ya halmashauri, dalali hawezi kuvunja mlango wako mara ya kwanza. Hawezi kupita dirishani, hawezi kukusukuma, hawezi kuweka mguu mlango usifungwe. Anaingia kwa kukaribishwa, au kwa mlango aliokuta haujafungwa kwa ufunguo. Akishaingia akaandika orodha ya vitu vyako na ukatia saini, hesabu inageuka: ukivunja makubaliano anaweza kurudi na kuingia kwa nguvu. Sisi tumelelewa mgeni hasemeshwi mlangoni. Dada bahati nzuri alikuwa amechoka hata adabu imemwishia, akaongea naye kupitia tundu la barua.

Dalali akakosa ndani, akageukia gari lililokuwa kando ya nyumba. Vauxhall Corsa kuukuu, mlango mmoja rangi tofauti. Akalifunga mnyororo, akabandika karatasi kiooni. Baada ya kufunga anatakiwa asubiri saa 2 kabla ya kulivuta, na saa 2 hizo ndizo dada alizotumia kunipigia simu badala ya kulia, namshukuru kwa hilo.

Kuna vitu sheria inavikinga. Nguo, vitanda, jiko, friji, mashine ya kufulia, simu. Vitu vya mtu mwingine, hata akiwa mpangaji mwenzako, japo risiti utatakiwa uionyeshe. Na vifaa vya kazi ambavyo thamani yake kwa jumla haizidi pauni 1,350, gari likiwemo kama kweli unalihitaji kwa kazi. Dada anazunguka nyumba za wazee saa za usiku ambapo basi hakuna. Tukapiga picha ratiba yake ya kazi, barua ya mwajiri inayosema lazima awe na gari, na bei za magari ya namna ile mtandaoni, hakuna lililofika elfu. Tukatuma kwa barua pepe kwa kampuni na nakala halmashauri. Simu hawakupokea kwa upole, nikuambie ukweli, lakini karatasi walizisoma. Televisheni wangeweza kuichukua, hiyo haikingwi.

Hesabu ikawa hivi: 1,280 ya kodi, 95 ya mahakama, 75, na 235. Jumla 1,685. Gharama pekee 405.

Na hapa kuna jambo lililoniuma kuliko mnyororo. Yeye ndiye mtu mzima pekee katika nyumba ile; mume yuko huko kwetu Tanzania, watoto bado wadogo. Nyumba yenye mtu mzima mmoja inapunguziwa asilimia 25 ya kodi. Kwake ni pauni 400 kwa mwaka. Hakuomba, kwa sababu kwenye kadi ya viza yake ilikuwa imeandikwa haruhusiwi kutumia fedha za umma, na watu wakamwambia ukiomba punguzo unafukuzwa nchini. Si kweli. Msaada wa kodi wa watu wa kipato cha chini ndio fedha za umma, huo usiuguse ukiwa na viza hiyo. Punguzo la mtu mzima mmoja si fedha za umma, liko wazi kwa kila mtu. Wanafunzi wa chuo wa muda wote nao hawahesabiwi. Tukaomba, halmashauri ikalirudisha nyuma hadi Aprili aliyoingia. Deni likashuka hadi 1,285, ada za madalali zikabaki zilezile, maana zilishazaliwa. Akapewa kulipa 107 kwa mwezi.

Ukweli mwingine mtanisamehe. Katika miezi ile ambayo hakulipa 160 ya halmashauri, alituma mabati, akatuma mchango wa arusi ya binamu yenu, na pauni 100 za mtu aliyelazwa. Pauni 100 kwenu ni zaidi ya laki tatu, kwake ni zamu moja ya usiku na kitu. Hakuna aliyemlazimisha. Lakini alipoandika kwenye kundi la familia kwamba mwezi huu hana, mtu mmoja alijibu kwa kicheko, na mwezi uliofuata akatuma. Simlaumu mtu, ila nakumbuka nani alicheka.

Kama una mwingine huku mwenye shida hii, mwambie asimlipe mtu yeyote kumsomea barua. Wapo wenzetu wanaotoza pauni 50 kwa kazi ambayo mashirika ya ushauri wa madeni, Citizens Advice, StepChange na National Debtline, yanaifanya bure. Hao hao wanaweza kumwombea muda wa kupumua, mpango ulioanza Mei 2021: siku 60 ambazo madalali wanasimama na ada haziongezeki. Na asikimbilie kuchukua zamu ya mtu mwingine kwenye mchezo wa upatu ili alipe, nimeona deni moja likiwa mawili.

Jela? Kwa England hakimu anaweza kufunga mtu hadi miezi 3, lakini ni kwa anayegoma makusudi au anayepuuza huku pesa anayo, na lazima kwanza aulizwe hali yake. Wales waliifuta adhabu hiyo 2019. Scotland wana maofisa wao na utaratibu wao, siusemei.

Kuhusu kiwanja: hapana. Hati ile inawapa madalali mali zake zilizoko England na Wales tu. Hawana kazi Muheza, wala hawatampigia mzee simu, na akipigiwa na mtu anayedai ni dalali wa Uingereza, huyo ni tapeli, kata simu. Ila akiondoka huku na deni, hati haifi. Akirudi baada ya miaka itamkuta. Kwa sasa hana hati wala deni. Alimaliza fungu la mwisho Desemba 2024, na Corsa bado inatembea, mlango bado haujapakwa rangi.