Gentamaisini imepimwa mara mbili siku moja: kipimo cha pili kinalipwa?

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni mteknolojia wa maabara, niko Uyole, Mbeya. Siku hizi najifunza mtandaoni kuandaa madai ya bima ya kliniki za Marekani. Kwenye dai la mazoezi, mgonjwa wa nje amepimwa kiwango cha gentamaisini (kiuavijasumu, yaani antibiotiki) kwenye damu mara mbili siku hiyohiyo, kabla ya dozi na baada yake. Nikaandika msimbo wa kipimo hicho, 80170, mistari miwili. Mkufunzi amenirudishia mstari wa pili, anasema umejirudia. Nikiufuta, si kliniki inapoteza hela yake?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Usiufute. Hivyo ni vipimo viwili, na vyote vina haki ya kulipwa. Msimbo 80170 unahesabu kila sampuli iliyopimwa gentamaisini, na haujali kama ni ya kabla ya dozi au ya baada. Kwa hiyo mistari miwili inafanana kabisa, na mfumo wa bima ukiiona unadhani karani kabonyeza mara mbili. Kinachoitofautisha ni modifaya, zile tarakimu mbili za nyongeza. Mstari wa kwanza uwe 80170, wa pili 80170-91. Hiyo 91 inasema kipimo kilekile kimerudiwa siku hiyohiyo kwa makusudi, kwa sababu daktari alihitaji jibu jingine.

Neno "makusudi" lishike vizuri. Sampuli ikiganda, au mashine ikigoma na mkarudia kupima, hapo hakuna 91 wala malipo ya pili. Wewe umetoka maabara, utofauti huo unaujua kuliko makarani wengi.

Sasa ushahidi. Bima ikiomba faili, itatafuta oda ya daktari na saa. Tuseme dripu ilianza saa 2:00 asubuhi ikaisha saa 2:30. Damu ya kiwango cha chini ilitolewa saa 1:30, nusu saa kabla ya dozi; ya kiwango cha juu saa 3:00, nusu saa baada ya dripu kuisha. Kwenye karatasi za Marekani andika 07:30 na 09:00. Nasisitiza kwa sababu sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko, na mkono uliozoea unaandika 1:30 bila kufikiri. Msomaji wa kule ataona damu imetolewa usiku wa manane, na dai lote litatiliwa shaka.

Na saa hizo si za bima tu. Gentamaisini ikijilimbikiza huumiza figo na masikio, na usikivu ukishapotea kwa namna hiyo kwa kawaida haurudi. Jibu la maabara lisilo na saa ya dozi na saa ya kutoa damu halimsaidii daktari kuamua apunguze dozi au aiache ilivyo. Mimi dai lisilo na saa silipeleki, hata kama kompyuta imelipitisha.

Viuavijasumu vingine vinavyopimwa hivi kwenye damu vina namba zake: amikasini 80150, tobramaisini 80200, vankomaisini 80202. Kiuavijasumu kisicho na namba yake kinaingia 80299, na jina la dawa unalitaja. Usichanganye na 80305 hadi 80307, hizo ni za kuchunguza dawa za kulevya. Kreatinini ya kuangalia figo ni 82565, nayo ina mstari wake.

Upande wa misimbo ya utambuzi, ile inayoeleza kwa nini mgonjwa kapimwa, anza na Z51.81, yaani mgonjwa amekuja kufuatiliwa kiwango cha dawa, kisha Z79.2 ikiwa anatumia kiuavijasumu kwa muda mrefu. Maambukizi yenyewe yataje pia. Mgonjwa angekuwa amelazwa, hesabu ingebadilika: kwa wagonjwa wa Medicare, bima ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, vipimo vya wodini kwa kawaida humezwa ndani ya malipo ya jumla ya kulazwa.

Jambo la mwisho, maana najua bado unaingia zamu hospitalini hapo Mbeya. Misimbo hii ya tarakimu tano ni mali ya chama cha madaktari wa Marekani, na hata Z51.81 ni ya toleo lao la ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa; kwenye toleo la Shirika la Afya Duniani haimo. Fomu ya NHIF, mfuko wetu wa taifa wa bima ya afya, ijaze kwa orodha ya huduma na bei ya NHIF yenyewe.